Jengo tupu la umma si lazima ligeuke gofu

*Sanaa ya muda kwenye kuta za majengo yaliyofungwa imerudisha watu katika mitaa ya miji mingi. Moshi na vijiji vya mlimani vina kuta, magunia na mikono ya kufanya hivyo*

JENGO la umma likifungwa mlango, hasara haiishii ndani ya kuta zake. Muuza ndizi aliyekuwa akipanga mikungu yake barazani hukosa wapita njia. Mama lishe aliyekuwa akiwauzia makarani chai na maandazi huhama. Fundi cherehani na kinyozi wa jirani huanza kufunga mapema kwa sababu taa za jengo zimezimwa na giza limewakaribisha watu wasiojulikana. Baada ya miaka michache mtaa mzima huhesabiwa kuwa umekufa, wakati kilichokufa ni jengo moja tu.

Wakazi wa Moshi hawahitaji kusimuliwa jambo hili. Kituo chao cha reli kimelipitia. Reli kutoka Tanga iliyojengwa na Wajerumani ilifika Moshi mwaka 1911, na ndiyo iliyofungua njia ya kahawa ya Kilimanjaro kwenda bandarini. Katika miaka ya 1990 treni za abiria zilisimama, na kwa takriban robo karne jengo la stesheni lilibaki likitazamana na barabara bila abiria wa kulijaza. Mwaka 2019 treni ya mizigo ilirejea, na Desemba mwaka huo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikaingia tena Moshi.

Mkasa huo una mafunzo mawili kwa mfanyabiashara mdogo. La kwanza ni kwamba jengo la umma linaweza kukaa kimya kwa muda mrefu kuliko umri wa biashara nyingi za jirani yake. La pili ni kwamba jengo linaloonekana halina kazi leo linaweza kuhitajika kesho. Kwa hiyo kulibomoa au kuliuza haraka ni hatari, na kuliacha lioze ni hatari vilevile.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, ambayo miji kadhaa ya Afrika Mashariki na kwingineko imeijaribu. Wasanii na wakazi hupewa ruhusa ya kuupamba au kuutumia ukuta, ua au ukumbi kwa muda maalumu. Kazi hiyo huvuta watu, na muda ukiisha huondolewa bila kuacha deni wala kesi.

Kampala: Stesheni isiyo na treni

Mfano ulio karibu zaidi na ule wa Moshi uko Uganda. Taasisi ya wasanii ya 32° East iliyopo Kampala ilianzisha tamasha la sanaa linaloitwa KLA ART. Mwaka 2012 haikukodi ukumbi wa fahari. Ilichukua makontena 12 ya kusafirishia mizigo na kuyaweka sehemu mbalimbali za jiji, kila moja likiwa na kazi ya msanii wake. Mtu aliyekuwa akienda sokoni aliikuta sanaa njiani, akaingia bila kiingilio na kuendelea na safari yake.

Mwaka 2014 tamasha hilo lilirudi na kuingia katika kituo cha reli cha Kampala, ambacho wakati huo kilikuwa kimekaa miaka mingi bila treni za abiria. Kumbi zilizokuwa kimya zikawa mahali pa maonyesho. Wasanii wengine walishirikiana na waendesha bodaboda na kuzigeuza pikipiki zao kuwa kazi za sanaa zinazotembea, hivyo maonyesho yakafika hata mitaa ambayo wakazi wake wasingethubutu kukanyaga jumba la sanaa.

Desemba 2015, mwaka mmoja tu baadaye, treni za abiria zilirejea Kampala. Hakuna anayeweza kudai kwamba picha ndizo zilizorudisha treni. Jambo la kuzingatia ni kwamba maonyesho yalikuwa ya muda, kwa hiyo reli ilipolihitaji jengo lake hapakuwa na mpangaji wa kufukuza wala ukuta mpya wa kuvunja. Hiyo ndiyo faida ya neno "muda" katika mikataba ya namna hii.

Kibera: Picha inayozuia mvua

Nairobi nayo ina mfano ambao mkulima ataupenda kwa sababu una matumizi. Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa anayejulikana kwa jina la JR alifanya kazi na wanawake wa Kibera. Picha kubwa za macho na nyuso zao zilichapwa kwenye turubai la plastiki na kutandikwa juu ya mapaa ya mabati, eneo la takriban mita za mraba 2,000. Wengi wao walipata picha zao wenyewe juu ya nyumba zao.

Turubai hilo halipitishi maji. Mvua iliponyesha, picha ilikuwa pia kinga ya paa linalovuja. Mabehewa ya treni inayopita Kibera yalibandikwa macho ya wanawake hao, na kwenye mteremko ulio chini ya reli yakawekwa mabati yenye sehemu ya chini ya nyuso zao. Treni ilipopita, kwa sekunde chache macho na midomo vilikutana na uso ukakamilika.

Miaka minne baadaye, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa Machi 2013, vijana wachoraji wa Kibera walipewa ruhusa ya kupaka treni ya abiria picha na maneno ya amani. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, reli hiyo hiyo iling'olewa na vijana wenye hasira. Kwa wafanyabiashara wa eneo hilo hilo halikuwa suala la urembo. Reli ikikatika, bidhaa hazifiki, na duka lililochomwa halina bima ya kulirudisha.

Maghala yaliyopata kazi mpya

Si kila mradi huishia kwenye ukuta wa nje. Kituo cha sanaa cha GoDown cha Nairobi kilianza mwaka 2003 katika ghala lililokuwa gereji ya magari, eneo la viwanda. Jina lenyewe lina maana ya ghala. Kituo hicho baadaye kilianzisha tamasha la Nai Ni Who, ambalo wakazi wa kila mtaa wenyewe huamua nini cha mtaa wao kionyeshwe kwa wageni.

Dar es Salaam ipo Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 Mikocheni katika eneo la viwanda vidogo, ambako makontena na ghala la zamani vimekuwa karakana za wachoraji na wachongaji. Katikati ya jiji hilo ipo pia Boma la Kale, jengo la mawe la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid. Lilikarabatiwa na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam, chenye maonyesho ya historia ya jiji.

Mifano hii ni ya kudumu zaidi, lakini inaonyesha kitu ambacho mfanyabiashara anakifahamu tayari: jengo lenye watu hulindwa na watu hao. Paa linalovuja huonekana mapema, waya ulioibwa hugunduliwa siku hiyo hiyo, na mwenye jengo hapati hasara ya kuajiri mlinzi wa kulinda utupu.

Gunia la mkulima lavaa jengo la serikali

Kwa wakulima wa kahawa, mfano wa kusisimua zaidi unatoka kwa wakulima wa kakao. Ibrahim Mahama ni msanii wa Ghana aliyezaliwa Tamale mwaka 1987. Malighafi yake ni magunia ya juti yaliyobeba kakao, kisha yakabeba mkaa na mazao mengine sokoni hadi yakachakaa. Yeye huwaendea wafanyabiashara na kuwapa magunia mapya, na wao humpa yale makuukuu. Kisha watu wanaolipwa kwa kazi hiyo huyashona pamoja mpaka yakawa nguo kubwa ya kuvisha jengo zima.

Magunia hayo yamefunika masoko na majengo ya umma nchini Ghana. Mwaka 2017 yalifunika majengo ya lango la zamani mjini Kassel, Ujerumani, na mwaka 2019 vibanda vya zamani vya ushuru vya Porta Venezia, Milano, Italia. Mwaka 2024 jengo la Barbican jijini London lilivishwa kitambaa cha rangi ya waridi na zambarau cha takriban mita za mraba 2,000, kilichofumwa na kushonwa Tamale.

Fedha alizopata Mahama hakuzila zote mjini. Alijenga vituo vya sanaa Tamale, na akanunua ghala kubwa la nafaka la enzi za Nkrumah ambalo halikuwahi kukamilika kutumika, akalifungua kwa wanafunzi na wakazi. Gunia lililodharauliwa lilirudisha uhai katika ghala lililodharauliwa.

Kilimanjaro ina magunia yake. Kahawa ya Tanzania hufungwa kwenye magunia ya kilo 60, na katani ni zao la mikoa jirani. Kila msimu magunia hutoboka, huchafuka na kutupwa. Kwa mtazamo wa Mahama, hiyo ni mali.

Ukuta huu ni wa nani?

Swali la kwanza kabla ya kununua hata kopo moja la rangi ni mwenye jengo. Kilimanjaro swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu majengo mengi yamebadili mikono.

Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa, KNCU, kilisajiliwa mwaka 1933 baada ya kutanguliwa na umoja wa wakulima wa 1925. Jengo lake mjini Moshi, lililobuniwa na Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyeishi Afrika Mashariki, lilijengwa kwa nguvu ya kahawa ya vihambani. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika nchini, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Katika kipindi hicho na baada yake, ofisi, maghala na mashine nyingi nchini zilipita kwa mamlaka za mazao, kwa serikali, kwa vyama vilivyofufuka na kwa watu binafsi.

Kwa hiyo jengo ambalo mtaa mzima huliita "la halmashauri" huenda ni la reli, la chama cha msingi au la wizara. Kwa jengo la manispaa, barua huenda kwa mkurugenzi kupitia ofisi ya kata. Kwa ghala la chama cha msingi, wenye mali ni wanachama, na jambo hilo lipelekwe kwenye bodi na mkutano mkuu. Vyama hivyo vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na husimamiwa na Mrajis. Kwa jengo lililohifadhiwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, idara inayohusika lazima iulizwe kwanza, hata kama kinachotakiwa ni kupiga msumari mmoja.

Huko mlimani, maghala ya vyama vya msingi yana nafasi ya pekee. Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa zaidi kati ya Julai na Desemba. Nje ya msimu ghala hubaki na nafasi, na pale wakulima walipong'oa mibuni baada ya bei kuanguka, ukimya huo ni mrefu zaidi. Ukuta wa ghala la namna hiyo mara nyingi ndio ukuta mkubwa kuliko wote kijijini, na uko kando ya barabara ambayo watalii na magari ya mazao hupita.

Hesabu ya ukuta mmoja

Watu wengi husikia neno "sanaa" wakadhani ni gharama za wafadhili. Hesabu ya ukuta mmoja inaonyesha vingine.

Chukua ukuta wa ghala wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 60. Rangi ya maji ya kawaida hufunika takriban mita za mraba 10 kwa lita kwenye ukuta laini, na pungufu ya hapo kwenye plasta ya mchanga iliyochakaa. Kwa mikono miwili ya rangi ya msingi zinahitajika lita 12 kwenye ukuta laini, au karibu lita 20 kwenye ukuta mbaya. Hiyo ni ndoo moja kubwa. Rangi za picha zenyewe huhitaji makopo madogo, kwa sababu hazifuniki ukuta wote.

Kama kijiji kitachagua magunia badala ya rangi, hesabu ni nyingine. Tuseme gunia lina upana wa sentimita 70 na urefu wa mita 1. Likifumuliwa upande mmoja na chini, hutoa kitambaa cha mita za mraba 1.4. Magunia 43 yanatosha mita za mraba 60, lakini mishono hula nafasi, kwa hiyo yaandaliwe 50. Yawe yale yaliyotoboka, kwani hakuna faida ya kuharibu gunia linaloweza kubeba mzigo msimu ujao. Yasitumike yaliyowahi kubeba viuatilifu.

Kazi inaweza kufanywa kwa msaragambo, kama mifongo na barabara za vijiji zinavyofanyiwa kazi. Lakini fundi rangi, mshonaji na mchoraji walipwe ujira unaoeleweka tangu mwanzo. Mtu anayeishi kwa brashi yake hawezi kulipwa kwa sifa, kama vile mkulima asivyoweza kulipwa kwa shukrani.

Mambo ya kiufundi yasiyopuuzwa

Majengo ya zamani ya mawe au matofali yaliyojengwa kwa chokaa yanahitaji kupumua. Rangi ya mafuta au ya plastiki ikiyaziba, unyevu hunaswa ndani na plasta huanza kubanduka. Kwa kuta hizo chokaa ni salama zaidi, au picha zichorwe kwenye mbao na vitambaa kisha zitundikwe bila kugusa ukuta.

Magunia yaliyolowa ni mazito, na upepo huyageuza tanga. Yafungwe kwa kamba imara juu na chini, yaachiwe matundu ya kupitisha upepo, na yasifungwe kwenye mabomba ya maji wala nyaya za umeme. Kwa kuwa yanashika moto kirahisi, yakae mbali na majiko ya mama lishe na wachoma mahindi.

Jengo lenye nyufa kubwa au paa linaloning'inia lisivutie watu kabla ya mhandisi wa halmashauri kulikagua. Kupaka rangi ukuta unaotaka kuanguka ni kuwaita watu kwenye hatari.

Wakati nao ni bidhaa. Masika ya Machi hadi Mei hayafai kupaka rangi nje. Kazi ikikamilika Juni, itaonekana Julai hadi Oktoba, wakati wapanda mlima ni wengi na kahawa inashuka mjini. Msimu wa pili ni Desemba, pale Wachaga wanaoishi Dar es Salaam na kwingineko wanaporudi nyumbani na fedha za mwaka mzima. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi huja wageni wa Kilimanjaro Marathon, ambao wengi wao huzunguka mjini siku mbili tatu wakitafuta cha kuona.

Nani anafaidika?

Hapa ndipo wadau wanapaswa kuwa macho. Picha nzuri peke yake haiuzi nyanya. Kinachouza ni watu waliokuja kuitazama kukuta kitu cha kununua, kwa bei inayoeleweka na mahali safi. Kwa hiyo mpango wa ukuta uende pamoja na mpango wa meza: nani atauza kahawa iliyokaangwa, nani ndizi, nani asali, nani vikapu, na nani atafagia jioni. Moshi ina sifa ya usafi iliyojengwa kwa miaka mingi, na mradi wowote unaoacha takataka utakuwa umejichimbia kaburi.

KNCU iliwahi kuonyesha njia kupitia mradi wa utalii wa Kahawa Shamba, ambao wageni hupelekwa vihambani kuona kahawa inavyochumwa, kukobolewa na kukaangwa, na kulipia huduma hiyo. Ghala lenye ukuta unaosimulia historia ya kahawa ya kijiji linaweza kuwa mlango wa ziara kama hizo.

Hata hivyo, historia ya Tirana, mji mkuu wa Albania, inatoa onyo. Edi Rama, mchoraji aliyechaguliwa kuwa meya mwaka 2000 na kuwa Waziri Mkuu mwaka 2013, alipaka rangi kali majengo ya kijivu ya mji huo kwa sababu hakuwa na fedha za kuyajenga upya. Mwenyewe ameeleza kwamba wenye maduka walianza kuondoa mageti mazito ya chuma na wakazi wakawa tayari zaidi kulipa kodi. Lakini katika kampeni hiyo hiyo ya kusafisha mji, mamia ya vibanda vilivyojengwa bila kibali kandokando ya mto Lana vilibomolewa. Mji ulipendeza, na waliokuwa wakiuza kwenye vibanda hivyo walitafuta pa kwenda.

Machinga wa Moshi wana haki ya kuuliza mapema: mtaa ukipendeza, sisi tutabaki? Jibu lisiwe la mdomo. Kama wapo wanaofanya biashara kwenye baraza la jengo kabla ya mradi, majina yao yaandikwe kwenye makubaliano na nafasi zao zitajwe.

Kuna pia pingamizi la msingi zaidi. Wapo wanaosema kwamba jengo la umma lililo tupu linahitaji wapangaji, na kwamba kulipaka picha ni kuficha uzembe wa walioliacha tupu. Hoja hiyo ina uzito. Kama jengo lina paa zima, maji na umeme, na wafanyabiashara wanalipanga foleni, lisipakwe picha bali likodishwe. Sanaa ya muda inafaa pale ambapo ukarabati unasubiri bajeti, kesi inasubiri hukumu, au mwenye jengo hajaamua.

Hata kwa kukodisha, njia ya muda mfupi ipo. Mji wa Newcastle nchini Australia ulikuwa na maduka mengi matupu katikati ya mji. Mwaka 2008 ulianzishwa mpango wa Renew Newcastle, ambao wasanii na watengenezaji wa bidhaa ndogo waliingizwa kwenye maduka hayo kwa kibali cha siku 30 kinachorudiwa. Mwenye nyumba akipata mpangaji wa kulipa kodi kamili, hutoa taarifa na kulichukua duka lake. Baadhi ya waliojaribu biashara hivyo walikua na kuanza kulipa kodi ya kawaida. Mpango huo ulifungwa mwaka 2019, baada ya miaka kumi ya kazi.

Makubaliano ya karatasi moja

Kikundi cha wafanyabiashara au chama cha msingi kinachotaka kujaribu hakihitaji kitabu cha sheria. Kinahitaji karatasi moja iliyosainiwa na pande zote, yenye mambo haya:

Kwanza, jina la mwenye jengo na sehemu inayoruhusiwa kutumika: ukuta upi, ua upi, na kama ndani kunaingilika.

Pili, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Bila tarehe ya mwisho, cha muda huwa cha kudumu, na ugomvi huanzia hapo.

Tatu, nani ataamua kitakachochorwa. Mkutano wa mtaa uitishwe, wazee waseme wanachokumbuka, watoto wa shule walete michoro yao, na rasimu ibandikwe hadharani kwa wiki moja kabla ya brashi kugusa ukuta. Alama za vyama vya siasa ziachwe nje, na za dini ambazo zitagawa mtaa vilevile.

Nne, wadhamini. Kampuni ikitoa rangi na kudai jina lake liandikwe kubwa, picha hiyo itakuwa tangazo, na tangazo lina ushuru wake. Ni vyema kuuliza halmashauri mapema kuliko kuletewa ankara.

Tano, daftari la mapato na matumizi, lisomwe mbele ya wanachama.

Sita, nani ataondoa kazi hiyo na kurudisha ukuta ulivyokuwa, na fedha ya kufanya hivyo itengwe mwanzoni.

Ushauri wa mikataba na hesabu za vikundi si lazima utafutwe mbali. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika, kimekuwa kikifundisha mambo hayo kwa zaidi ya nusu karne. Kwa upande wa wasanii, Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo linalosimamia shughuli zao.

Pima kabla ya kusifu

Mradi wa namna hii usihukumiwe kwa makofi ya siku ya uzinduzi. Wiki mbili kabla ya kazi kuanza, mtu mmoja akae karibu na jengo siku ya soko na siku ya kawaida, ahesabu wapita njia kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Wafanyabiashara watatu au wanne waandike mauzo ya kila siku. Baada ya ukuta kukamilika, hesabu ileile irudiwe siku zilezile na saa zilezile, kisha irudiwe tena baada ya miezi mitatu, mshangao wa kwanza ukishaisha.

Namba zikipanda, kikundi kitakuwa na hoja ya kupeleka kwa mkurugenzi: jengo hili lina wateja, likarabatiwe na likodishwe kwa waliolifufua. Namba zisipopanda, hasara itakuwa ndoo moja ya rangi, magunia 50 yaliyokuwa yatupwe na siku chache za msaragambo. Kwa mkulima anayepanda mbegu kila msimu bila uhakika wa mvua, hiyo si bahati nasibu kubwa.